Kutoka Goma Hata Semliki: Wanyama Tulio Nao na Wale Tuliowapoteza

Siku moja niliwaagiza wanafunzi wangu wa darasa la tano, hapa Goma, waandike majina ya wanyama wakubwa wa pori la kwetu. Nilipoyakusanya madaftari, nikakuta karibu katika kila moja majina yale yale matatu: simba, twiga na punda milia. Mtoto mmoja aliongeza dubu, mnyama asiyepatikana katika pori lo lote la Kongo. Hapakuwa na hata mmoja aliyeandika gorila, ingawa milima anamokaa huonekana wazi kutoka mjini siku mawingu yanapoondoka. Wala hapakuwa na aliyeandika okapi, mnyama ambaye porini huishi katika Kongo tu, si penginepo duniani.

Sikuwacheka watoto hao. Mtoto huandika alichoonyeshwa, nao wameonyeshwa twiga katika vitabu na katika sinema. Kumbe twiga hayupo hapa petu. Katika Kongo nzima amebaki Garamba tu, mbali kaskazini-mashariki. Kosa ni letu sisi wakubwa, tusiowasimulia watoto habari za jirani zao. Basi, wasomaji wapenzi, nimeona vema tufunge safari pamoja kutoka Goma kwenda kaskazini, hata mto Semliki. Tutakwenda kwa mawazo tu, kwa kuwa barabara hiyo, kwa ajili ya vita, imekuwa njia ya wakimbizi kuliko njia ya wageni watalii. Njiani tutawatazama wanyama walioko sasa, na tutawauliza pia wale waliotutangulia.

Ziwa lisilo na mamba

Tuanzie ufukoni. Watoto wa Goma huoga katika Ziwa Kivu pasipo kuogopa mamba, nao hudhani ndivyo yalivyo maziwa yote. Sivyo hata kidogo. Tanganyika ina mamba, tena ina mamia ya aina za samaki. Kivu, pamoja na ukubwa wake wote, lina aina za samaki zisizofika 30, na nusu hivi ya hizo haziishi katika ziwa jingine lo lote.

Sababu yake ni milima ile ile inayotuogopesha. Zamani za kale maji ya nchi hii yalielekea kaskazini, kwenye Ziwa Edouard na mto Nile. Ndipo volkeno zikainuka, zikaziba bonde kama mtu azibavyo mfereji kwa udongo. Maji yakajaa nyuma ya ukuta huo, yakapanda, hata yakapata njia upande wa kusini, yakashuka kwa mto Rusizi mpaka Tanganyika. Sisi tuliokimbia moto wa Nyiragongo usiku wa tarehe 22 Mei 2021 tunafahamu jinsi mlima unavyoweza kubadili njia ya mtu kwa saa moja. Mito nayo hubadilishiwa njia, na pamoja nayo samaki.

Tena liko jambo litakalowashangaza wengi. Sambaza, yule samaki mdogo tunayemkaanga kila juma, si mwenyeji wa Kivu. Aliletwa kutoka Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960, kwa sababu maji ya katikati ya ziwa hayakuwa na samaki wa kuyakalia. Aliyezaliwa hapa kabla ya miaka hiyo hakumla sambaza wa Kivu utotoni mwake. Tushike basi fundisho hili la kwanza: hesabu ya viumbe wa mahali si ya milele. Mara huibadili mlima, mara huibadili mkono wa mtu.

Mlimani kwa gorila

Sasa tuuache mji, tupite Kibumba. Upande wa kuume husimama Mikeno na Karisimbi, na chini yake msitu wa mianzi wenye ukungu. Hapo tumeingia katika Hifadhi ya Virunga, au "parke" kama tulivyozoea kusema. Ilianzishwa tarehe 21 Aprili 1925, nayo ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika yote.

Hifadhi hii ina kilometa za mraba zipatazo 7,900. Lakini ajabu yake si upana tu, ni kimo. Bonde la Semliki liko mita 680 tu juu ya bahari, na kilele cha Rwenzori chafika mita 5,109. Kwa hiyo katika mipaka ya hifadhi moja mna joto la bondeni na theluji, mna nyika, vinamasi, msitu mnene, mianzi na mawe ya moto yaliyoganda. Kila hali ya nchi ina wakaaji wake. Ndiyo maana wataalamu wamehesabu humo aina zaidi ya 200 za wanyama wanyonyeshao, na aina zipatazo 700 za ndege. Bara zima la Ulaya, pamoja na ukubwa wake, halina aina nyingi za ndege wa kuzaliana kuliko hapo. Katika milima hii hukaa hata kinyonga ambaye dume lake lina pembe tatu usoni, kama mnyama wa hadithi za bibi.

Tena hapa wanakaa jamaa watatu wa nyani wakubwa wasio na mkia: gorila wa mlimani, gorila wa nchi ya chini mashariki, na sokwe. Haijulikani hifadhi nyingine duniani iliyo nao wote watatu.

Wenyeji walimjua gorila wa mlimani tangu zamani, lakini wataalamu wa Ulaya hawakuwa na habari zake mpaka mwezi wa Oktoba 1902. Mwaka huo afisa Mjerumani, jina lake Robert von Beringe, aliwapiga risasi wawili mlimani Sabyinyo, na mnyama akapewa jina la huyo aliyemwua. Mwaka 1921 akaja Mmarekani, Carl Akeley, naye akitaka gorila wa kukausha kwa ajili ya nyumba ya makumbusho ya New York. Aliwapata. Lakini alipowatazama walivyoishi na watoto wao, moyo wake uligeuka, akaanza kusihi kwamba walindwe. Na maneno yake yalisaidia kuanzishwa kwa hifadhi. Mwaka 1926 alirudi, akafa kwa ugonjwa mlimani Mikeno, akazikwa huko huko. Aliyekuja kama mwindaji alilala kama jirani.

Je, ulinzi huo ulifaa kitu? Tazameni hesabu. Mwaka 1981 gorila katika milima ya Virunga walikuwa 254 tu, wa Kongo, Rwanda na Uganda pamoja. Katika hesabu ya mwaka 2015 na 2016 walionekana 604. Ukiongeza wale wa msitu wa Bwindi, Uganda, wote walipita 1,000. Wengi walikwisha kukata tamaa juu yao; lakini wameongezeka katikati ya miaka ya vita, kwa sababu watu waliwalinda siku kwa siku. Nao ulinzi huo una bei. Askari wa hifadhi waliouawa kazini tangu mwanzo ni zaidi ya 200. Tarehe 24 Aprili 2020 peke yake waliuawa 12 karibu na Rumangabo, pamoja na dereva na raia wengine. Hao walikuwa baba za watoto, wa vijiji vya kwetu.

Viboko na samaki wa mezani

Baada ya Rutshuru, yapata kilometa 70 kutoka Goma, nchi huteremka na kufunguka. Hii ni nyika ya Rwindi, nchi ya nyati, swala, simba na tembo. Mbele yake hung'aa Ziwa Edouard, na kando ya ziwa kipo kijiji cha wavuvi, Vitshumbi.

Hapa nawaomba wasomaji wasimame kidogo. Katika miaka ya 1970 viboko wa hifadhi hii walipita 25,000. Hapakuwa na mahali pengine duniani palipokuwa na viboko wengi hivyo pamoja. Mgeni aliyesimama ukingoni alidhani mto umejaa mawe meusi, mpaka mawe yalipoanza kupiga miayo. Mwaka 2005 walipohesabiwa, hawakutimia 1,000. Si ugonjwa uliowamaliza, wala ukame. Watu wenye silaha waliwapiga risasi kwa ajili ya nyama na kwa ajili ya meno yao, ambayo huuzwa kama pembe za ndovu.

Huenda mtu akasema: "Kiboko ni adui, hupindua mitumbwi, na hula mashamba. Akiisha, hasara gani?" Naam, kiboko ni jirani mkali, sitamtetea kwa hilo. Lakini sikilizeni kazi yake. Usiku kiboko hutoka majini, akala majani kilo 40 hivi. Mchana hurudi ziwani, na samadi yake huanguka majini. Samadi hiyo hulisha vimea vidogo visivyoonekana kwa macho. Vimea hulisha samaki. Samaki hulisha watu. Mkulima ye yote anajua kwamba shamba lisilotiwa mbolea huchoka. Viboko ndio waliotia mbolea katika ziwa. Walipokwisha, wavuvi wa Vitshumbi na wa Kyavinyonge waliona nyavu zao zikirudi nyepesi mwaka hata mwaka. Uvuvi wa pupa nao uliharibu, hilo ni kweli. Lakini ziwa lilikuwa limekwisha kunyang'anywa samadi yake. Hivyo risasi iliyomwua kiboko ilipunguza pia samaki katika sahani ya mtoto wa Butembo na wa Goma.

Hata hivyo mlango haujafungwa. Mwaka 2020 tembo wapatao 500 walivuka kutoka Uganda, wakaingia tena katika nyika hii ambayo kwa miaka mingi waliikimbia. Mnyama husahau polepole. Akiona pana amani, hurudi nyumbani kwake.

Mifupa ya Ishango

Tufuate ukingo wa ziwa mpaka ncha ya kaskazini, pale mto Semliki unapotoka. Mahali hapo panaitwa Ishango, na jina hilo limeandikwa katika vitabu vya dunia nzima. Mwaka 1950 mtaalamu Mbelgiji, Jean de Heinzelin, alichimbua hapo mfupa mdogo wenye alama zilizochongwa kwa mafungu, kama za mtu anayehesabu. Umri wake ni miaka 20,000 hivi. Leo umewekwa Bruseli.

Pamoja na mfupa huo yalitoka mabaki mengi ya samaki na ya wanyama, nayo yanatuambia walikula nini watu wa zamani hizo. Na karibu na hapo, Katanda, kando ya mto uo huo, zimepatikana ncha za chusa za mfupa, zenye miiba iliyochongwa kwa ustadi, ambazo umri wake ni miaka 80,000 au 90,000. Mabaki yaliyokuwa pamoja nazo ni ya kambale wakubwa mno. Basi kabla ya Roma, kabla ya Misri na mafarao wake, walikuwako watu Semliki walioujua msimu wa kambale na kuchonga chombo cha kumchoma.

Tukishuka chini zaidi katika udongo, tunakutana na wanyama ambao hakuna tena jicho litakalowaona. Huko Kaiso, kwenye Ziwa Albert upande wa Uganda, imechimbuliwa mifupa ya kiboko mdogo, na ya mnyama wa jamaa ya tembo mwenye meno tofauti na ya tembo wetu. Huko Olduvai, Tanzania, walikaa nyati wenye pembe kubwa kupita kiasi, farasi wenye kwato tatu katika kila mguu, na mnyama aitwaye dinotheri, mfano wa tembo ambaye pembe zake zilitoka katika taya la chini na kupinda kuelekea ardhini. Alikuwako pia sivatheri, ndugu wa twiga, mwenye shingo fupi, mwili mzito, na pembe pana kichwani.

Jamaa hao wote wamekwisha. Ulaya nako walikuwako tembo wenye manyoya, na vifaru wenye manyoya, wamekwisha. Marekani walikuwako farasi wa porini na tembo. Wamekwisha, hata farasi wakaja kuletwa upya kwa merikebu na Wahispania. Kwa nini Afrika ilibakiwa na wakubwa wake wengi kuliko mabara mengine? Wataalamu wengi husema kwamba hapa mnyama na mtu walikua pamoja, mnyama akajifunza mapema kumwogopa mtu na kumkimbia. Ikiwa ndivyo, basi wanyama wetu ni watu wa mwisho wa kundi kubwa sana, waliookoka kwa akili na kwa mbio. Lakini hakuna akili wala mbio ziwezazo kuishinda bunduki.

Mnyama aliyejulikana kabla ya kugunduliwa

Safari yetu yaishia katika msitu wa Semliki, upande wa Beni. Hapa ndipo habari za okapi zilipoanza kuenea duniani.

Wambuti walimjua okapi, wakamwinda, wakalijua jina lake na nyayo zake. Mwaka 1890 msafiri Stanley aliandika kwamba watu hao wa msituni wanamjua mnyama mfano wa punda, lakini wachache walijali neno hilo. Baada yake Mzungu mmoja aliwateka Wambuti kadhaa, akitaka kuwapeleka Paris wawe kitu cha kutazamwa katika maonyesho. Harry Johnston, aliyekuwa mtawala wa Waingereza Uganda, aliwaokoa, akawarudisha kwao. Njiani aliwauliza juu ya mnyama yule, nao wakamweleza vizuri. Walipomfikisha msituni, wakamwonyesha nyayo: ukwato uliogawanyika mara mbili. Johnston hakusadiki. Yeye alitafuta namna ya punda, na punda hana ukwato uliogawanyika, akadhani wanamdanganya. Kumbe wao walisema kweli, na elimu yake ndiyo iliyompoteza.

Alipata vipande viwili vya ngozi yenye milia, ambavyo askari walikuwa wamevifanya mikanda, akavipeleka London. Wakubwa wa elimu huko wakamwita farasi mpya. Mwaka 1901 ilipofika ngozi nzima pamoja na mafuvu, wakaona aibu kidogo: huyu si farasi wala punda milia, ni ndugu wa twiga. Ana milia miguuni na mapajani, na ulimi mrefu hata hujisafisha macho kwa huo ulimi. Basi mwanafunzi wangu aliyeandika "twiga" hakuwa mbali sana na ukweli kama yeye mwenyewe alivyodhani. Twiga wa kweli hayupo Virunga, lakini ndugu yake wa msituni yupo.

Jambo kama hilo likatokea tena kwa ndege. Mwaka 1913, katika nchi ya Ituri, Mmarekani James Chapin aliona unyoya wa ajabu katika kofia ya mwenyeji, asijue ni wa ndege gani. Mwaka 1936, katika nyumba ya makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, akawakuta juu ya kabati ndege wawili waliokaushwa, wameandikwa kuwa ni tausi wa Asia. Unyoya ni ule ule! Alikuwa tausi wa Kongo, tausi wa pekee katika Afrika nzima, ambaye watu wa msituni walikuwa wakimvaa kichwani miaka yote hiyo.

Na okapi wa Virunga? Baada ya mwaka 1959 hakuonekana tena katika hifadhi hiyo, na wengi walisema amekwisha. Mwaka 2006 askari waliona nyayo zake, na mwaka 2008 akapigwa picha usiku kwa mashine iliyofungwa mtini. Alikuwa amejificha tu.

Turudi nyumbani

Lakini si kila aliyepotea amejificha. Garamba ilikuwa makao ya vifaru weupe wa kaskazini. Mwaka 1984 walibaki 15. Wakalindwa, wakaongezeka hata kufika 30 hivi. Ndipo vita na majangili wakawamaliza kwa miaka michache. Dume la mwisho, aliyeitwa Sudan, alikufa nchini Kenya mwaka 2018. Wamebaki majike wawili, mama na binti yake, wakilindwa huko Kenya usiku na mchana. Sivatheri alikwisha kabla hatujawa na maandishi. Huyu amekwisha mbele ya macho yetu, na wengi wetu hatukupata habari.

Je, mtu wa Goma asiye na bunduki anahusikaje? Anahusika jikoni. Mwezi wa Julai 2007 gorila wa jamaa moja waliuawa kwa risasi msituni, na dume lao kubwa, Senkwekwe, pamoja nao. Hawakuliwa, wala hawakuibiwa. Habari zilizochunguzwa zilionyesha kwamba mauaji hayo yalifungamana na biashara ya makaa, yaani makala kama tusemavyo Goma, yanayochomwa kwa miti ya hifadhi. Msitu wenye gorila hulindwa. Msitu usio na gorila hukatwa kwa urahisi. Na makala hayo yalikuwa yakienda wapi, ikiwa si kwenye mbabula zetu?

Simlaumu mama anayepika. Watoto hawali maneno. Lakini yako tunayoyaweza: mbabula iliyotiwa udongo, ambayo haili makala mengi, miti ya kupandwa kwa ajili ya kuni katika mashamba yetu wenyewe, umeme pale ulipofika, kama ule wa mto wa Rutshuru uliojengewa kituo cha Matebe mwaka 2015. Na hasa twaweza kuwasimulia watoto, na kuwauliza wazee majina ya wanyama kwa lugha za kwetu kabla hayajazikwa pamoja nao.

Juma lililofuata niliwaambia wanafunzi waandike orodha mbili: wanyama tulio nao, na wale tuliowapoteza. Safari hii gorila aliandikwa, na okapi, na kinyonga wa pembe tatu. Msichana mmoja akaniletea daftari lake, kalamu mkononi, akauliza: "Mwalimu, kiboko nimwandike upande gani?"

Nikamwambia amwandike upande wa wale tulio nao. Yupo bado. Kubaki kwake upande huo kunatutegemea sisi, na baadaye kutamtegemea yeye.